Lenzi Isiyojua Karibu

"Mama anasema ulisema utaangalia."

Ndivyo alivyoniambia Mwanaidi kwenye simu, baada ya shikamoo na marahaba, kwa sauti ya mtu asiyetaka kugombana wala kubembeleza. Nilikuwa studio kwangu hapa Kibiti, nimemkalisha mama mmoja mbele ya pazia jeupe nimpige picha ya pasipoti, nikamwomba asubiri. Kuangalia nini, sikuuliza. Neno hilo nililisema mimi mwenyewe kabla Mwanaidi hajazaliwa, siku ya tatu ya msiba wa baba yake, na miaka yote hii nimekuwa nikilikwepa kama mtu anayezunguka nyuma ya nyumba ili asipite barazani kwa wakwe. Sasa binti anaolewa, mwezi ujao, kule Mtawanya wanakoishi na mama yake. Anataka kitu kimoja: picha ya baba yake. Hajapata kuuona uso wake. Kadi ya marehemu ya kupigia kura ilikuwamo sandukuni mwaka mto ulipofurika ukaingia hadi vyumbani, na ilipoanikwa juani, pale penye sura palibaki doa. "Mama anasema baba alikaa na wewe mtumbwini mwaka mzima," akaniambia, "na ulikuwa na kamera kubwa kuliko zote zilizowahi kufika Delta." Ni kweli, ilikuwa kubwa. Ukubwa huo ndio ulioniharibia, na nitaueleza hapa kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Kwenye simu nilisema tena, "Nitaangalia."

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha miaka hamsini. Alikuja mtafiti wa ndege kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mpole tuliyemwita Dokta Neema, akitafuta mpiga picha wa kuzunguka Delta ya Rufiji misimu yote, masika na kiangazi, amletee picha za ndege wa mikokoni na wa mashamba ya mpunga. Watu wa hapa wakamwelekeza kwangu, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza mjini kuachana na filamu. Alikuja na kamera ya dijitali mpya kabisa, yenye lenzi yake ndogo ya kuanzia, na masanduku mawili ya lenzi za masafa aliyoyaazima. Moja nitabaki nalo, jingine litarudi. Akaniachia siku mbili nichague. Lenzi ya kwanza ilikuwa ya kuvuta: unazungusha shingo yake, ndege anasogea, unazungusha tena, anarudi. Nyepesi, unaitundika begani ukaenda nayo sokoni. Ya pili haikuvuta kitu. Ilikuwa ya milimita mia tano basi, urefu mmoja usiobadilika kama msumari, nzito kama mtoto wa mwaka, na mdomo wake mpana ungeweza kuutilia sahani ya chai.

Nilizijaribu kutoka mlangoni pa studio. Kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara ya Kilwa alikuwa ametua mwewe. Kwa lenzi ya kuvuta nilimpata mwewe, nguzo, na kipande cha bati la duka la simenti. Kwa ile kubwa nilimpata mwewe peke yake, na ndani ya jicho lake nikaona barabara, gari likipita, na paa letu. Sijasahau. Nikaona nimepewa macho ya malaika. Nilikuwa na hoja nzuri pia, nisijidhulumu: asubuhi chini ya mikoko mwanga ni hafifu, na lenzi yenye mdomo mpana inakunywa mwanga mwingi, hivyo unaweza kupiga upesi ndege asitoke na ukungu, na ndege wa Delta ni waoga, hawangoji usogee. Hoja hizo nilimpa Dokta Neema, naye akazikubali. Sababu ya kweli sikumpa. Sababu ya kweli ni kwamba nilipokuwa nimeinua ile kubwa, vijana wa stendi waliacha kupakia mizigo wakaja kunizunguka, na mmoja akasema, "Oyaa, huo mzinga!" Nilitaka kuwa mtu mwenye mzinga.

Dokta Neema aliniuliza swali moja tu. "Umeangalia inafika wapi. Umeangalia inaanzia wapi?" Sikumwelewa, akanionyesha maandishi madogo ubavuni mwa lenzi. Kila lenzi ina mwanzo wake. Kitu kikikaa ndani ya mwanzo huo, lenzi haikioni, inahangaika mbele na nyuma ikitoa mlio, mwisho inakuletea moshi. Ile ya kuvuta ilianzia karibu mkono mmoja na nusu. Yangu ilianzia hatua tano kubwa. "Ndege hatanikaribia hatua tano," nikamjibu, na nikacheka. "Na mtu je?" akauliza. Nikasema mimi nimeajiriwa kupiga ndege. Leo vijana wakija studio kuniuliza wanunue lenzi gani ya wanyama, huniambia namba kubwa kubwa, mia nne, mia sita, nami huwauliza swali lile lile la Dokta Neema, nao hunijibu kwa kicheko kile kile.

Ilibaki lenzi ndogo iliyokuja na kamera. Hiyo ingeona mtu hata akiwa mezani pako. Lakini nilikuwa na hakika kwamba mzinga mzito unahitaji stendi ya miguu mitatu, na mpiga picha wa harusi mmoja wa Ikwiriri alikuwa nayo, akawa anaitamani lenzi yangu ndogo. Tukabadilishana. Nikashuka Nyamisati kupanda boti nikiwa na jicho la kuona mbali na stendi ya kulisimamisha, sina kingine. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, ila mimi sikutaka hata yote. Nilitaka ya mbali tu.

Mwenye mtumbwi alikuwa Athumani, mkulima wa mpunga na mvuvi wa kambale, mtu mzima kiasi cha kuniita mpwa nami nikamwita Mjomba tangu siku ya kwanza. Alikuwa na mke mmoja, Bi. Tatu, na hawakuwa wamejaliwa mtoto kwa miaka mingi. Waliishi msimu wa mpunga shambani, kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miguu ya miti ili mtu akae akiwinga nguruwe na ndege. Ngazi ya vijiti saba, sakafu ya fito ambayo ukikanyaga vibaya mguu unaona chini kabla yako, jiko la mafiga kwenye kona juu ya udongo uliosiribwa, na ukutani mkeka mmoja, chandarua kimoja, redio moja iliyofungwa kwa mpira. Mimi nilipewa upande wa kuingilia upepo. Asubuhi niliamshwa na harufu ya wali wa mpunga mpya, ule ambao haujakaa ghalani na unanata vidoleni, na kambale wa chukuchuku aliyekamuliwa ndimu. Sijala tena chakula kile. Nimekula wali mwingi, lakini kila nikinusa mpunga mpya kutoka Chumbi nasimama kwanza.

Jambo la Mjomba lilikuwa neno karibu. Watu wote wa kwetu husema karibu wakiwa wanakula, ni adabu, na anayepita hujibu starehe akaendelea na safari yake. Mjomba hakukubali starehe. Akiwa na kombe la uji mtumbwini na mtumbwi mwingine ukapita ng'ambo ya mkondo, huita, "Karibuni!" na jamaa akijibu kwa mbali, yeye humkaripia: "Karibu siyo salamu, we bwana, sogea!" Bi. Tatu alikuwa akimcheka. "Huyu ataja kumkaribisha kiboko." Naye hujibu, "Kiboko ana ya kwake. Namwambia hodi tu." Na kweli, kwenye kila kona ya mto yenye kina aliugonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mara tatu, ko, ko, ko, ili viboko wajue tunapita. Mimi nilikuwa nachukia. Ndege wote waliruka kwa mlio huo. Nilimwambia mzinga wangu unaona kutoka mbali, hatuna haja ya hodi. Akaniambia kwa upole, "Mpwa, kuchungulia kwa watu bila hodi si uungwana, hata kama wenyewe ni viboko." Akaendelea kugonga.

Stendi yangu ya miguu mitatu haikufaa hata siku moja. Mtumbwi hautulii, ukiweka miguu mitatu ndani yake unapata mitetemo mitatu. Ilibaki kwenye dungu ikawa ya kuanikia nguo. Bi. Tatu ndiye aliyeniokoa: alichukua kipande cha khanga iliyochakaa, akashona mto mdogo, akaujaza mpunga wenye maganda yake, nikauweka ukingoni mwa mtumbwi na kuulaza mzinga juu yake. Mto ule ulijifinyanga kwa kila kitu. Mjomba aliuangalia siku ile ya kwanza, akaiangalia lenzi ilivyolala, akauliza, "Na mzinga huu una asali?" Nikasema una picha. Akasema, "Basi una nyuki tu." Kila jioni nikimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera furukombe akiwa na samaki kuchani, au mdiria mwenye matone ya maji mdomoni, alitikisa kichwa na kutaja jina la ndege kwa Kindengereko, kisha huuliza, "Nyuki wangapi leo?"

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba kwa muda mrefu sikujua ni siku. Bi. Tatu alikuwa amepata mimba. Walikuwa wamekaa bila kusema, wakiogopa jicho la watu, mpaka ilipokaribia kuonekana yenyewe. Tulikuwa mtumbwini, mimi nimekaa mbele nikitazama nyuma, kwa sababu furukombe alikuwa ametua juu ya mkoko tuliokwisha kuupita. Mjomba alisimama nyuma na pondo lake. Kati yetu palikuwa na hatua tatu. Akaacha kusukuma. "Mpwa," akasema, "hebu nipige na miye moja. Mtoto akija aione sura ya babake alivyokuwa kabla ya mvi."

"Sogea kushoto kidogo, Mjomba, unanikinga na ndege."

Akasogea. Nikampiga furukombe. Kisha akasema, "Haya, na mie?"

"Haiwezekani. Upo karibu mno."

Alishangaa kwa dhati. "Karibu mno? Tangu lini karibu ikawa kosa?"

Nikamweleza mambo ya hatua tano, kwa ufahari, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa kizungu. Nikamwambia hata akisimama ufukweni hatua hizo tano, nitapata jicho moja na nusu ya ndevu. Akalitazama lile jicho kubwa la kioo, akajiona humo mdogo, kichwa chini miguu juu. "Hivi we," akasema, "lenzi gani hii isiyomwona mwenzio?" Nikacheka, yeye hakucheka sana. Nikamwahidi kwamba nikipata nafasi ya kupanda Kibiti nitampiga studio, kwenye pazia lenye maua, kwa kamera ya zamani ya filamu, yeye na kanzu yake. Akaridhika. Alikuwa mtu wa kuridhika upesi, na watu wa namna hiyo ndio tunaowachelewesha.

Alikuja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alikuja. Ilikuwa Ijumaa, nami siku hizo nilikuwa nimerudi mjini kumpelekea Dokta Neema picha. Tulipatana aje baada ya sala. Asubuhi ile nikapata habari kwamba korongo wengi wameshuka kwenye mashamba ya Chumbi, nikaona nitakwenda na kurudi. Korongo walikuwa wengi kweli. Walijaa majaruba yote, nikapiga mpaka jua likageuka. Mama Zaina, aliyekuwa akiuza chai mbele ya studio, ndiye aliyenisimulia. Alikuja mtu wa Delta, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kufuma, ndevu zimechongwa. Akakaa kwenye benchi lake. Chai ikapoa, Mama Zaina akamwekea nyingine, nayo ikapoa. Mjomba akamkaribisha kila mteja aliyekuja kama vile chai ni yake. Jua lilipotelemka akainuka kuwahi gari. "Nikamwuliza nikwambie nini," alisema Mama Zaina. "Kasema, 'Mwambie mpwa wangu nilikuja, ila ndo' hivyo, sikuzaliwa ndege.'" Mama Zaina alicheka sana akinisimulia. Na mimi nilicheka. Nilisema atakuja tena.

Hakuja tena. Ilikuwa homa ya siku nne, baada ya masika, wakati njia za maji zimejaa na boti ya kumpeleka zahanati ilikuwa upande mwingine. Walimzika alasiri ya siku ile ile aliyofariki. Mimi nilifika siku ya tatu, na aibu nyingine niitaje hapa hapa: nilifika na mzinga begani, kwa kuwa sikutaka kuuacha nyumbani peke yake. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi nje, wakila wali wa msiba kimya kimya. Hakuna aliyeita karibu. Nilikaa mwishoni mwa jamvi, mwenyewe nikajisogeza. Bi. Tatu alikuwa ndani, eda imeanza na tumbo lake kubwa, hanioni wala simwoni. Akamtuma shangazi wa marehemu. Bibi yule akasimama mlangoni akaniuliza mbele ya watu wote: "Mke wa marehemu anauliza, huyo mpwa na likamera lake lile, ana picha ya mumewe? Amtunzie mtoto."

Majamvi yote yakanigeukia. Nilijua jibu. Picha zilikuwa elfu na elfu, na nilizijua kama mfugaji anavyojua mbuzi wake. Kusema "hapana" kungechukua pumzi moja. Lakini ningesemaje hapana, mtu wa mwaka mzima, aliyekula kwao, aliyelala kwao, mwenye jicho la kuona barabara ndani ya jicho la mwewe? "Nitaangalia," nikasema. Bibi akaingia ndani na jibu hilo. Nikasikia sauti ya Bi. Tatu nyuma ya pazia, imechoka lakini imefurahi: "Alhamdulillahi, ataangalia." Mwezi mmoja baadaye, siku ya Idi, akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Mwanaidi. Sikwenda kumwona. Mkataba wangu na Dokta Neema ulikuwa umekwisha, lenzi nikairudisha, na huko Delta sikuwa tena na shughuli. Ndivyo nilivyojiambia.

Safari hii niliangalia. Baada ya simu ya Mwanaidi nilifunga studio siku nne, nikatoa zile diski za zamani, nikazitia kwenye kompyuta iliyokuwa inakohoa, na kupita picha moja moja. Furukombe, mdiria, membe, korongo. Kazi nzuri, lazima niseme. Nilikuwa na mkono. Siku ya tatu nikaikuta moja niliyoitia alama ya mbovu. Furukombe yule wa juu ya mkoko, safi, kila unyoya mahali pake, na upande wote wa kulia wa picha umeliwa na kitu cha kahawia, kizito, kisicho na ukingo, kama moshi wa kuni mbichi. Niliipiga kabla sijamwambia asogee kushoto. Moshi ule ni Mjomba. Ni bega lake, shingo, na pengine shavu. Nikaichapa kwa ukubwa, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda bodaboda hadi Mtawanya.

Bi. Tatu alinipokea kwa mikono miwili, akaniita mpwa kama juzi. Macho yake yameingia ukungu, anasubiri kwenda kupasuliwa. Mwanaidi alikuwa na hina mkononi, ya kujaribu tu, akaipokea bahasha kwa vidole viwili. Aliitazama picha akiwa ameisogeza usoni, akaitazama akiwa amenyoosha mkono, akaigeuza nyuma labda kuna nyingine. "Ndege mzuri," akasema. Nikamwonyesha moshi kwa kidole. "Huyu?" akauliza. "Huyu," nikasema. Mama yake akaichukua, akaileta puani, akakaa nayo. Nadhani kwa macho yale kila mtu humtokea hivyo siku hizi. Kisha akaupapasa ule ukahawia kwa dole gumba, kuanzia juu kwenda chini, akasema, "Ndiye. Bega lake la kushoto limeshuka, kwa kusukuma pondo." Akaanza kulia bila sauti, akairudisha kwa binti, akainuka kwenda uani kuangalia sufuria.

Mwanaidi akabaki na mimi. Aliiweka picha magotini, juu ya khanga. "Mama husema alikuwa mcheshi, husema alikuwa mweupe wa roho, ila mama anampenda, atasema lolote," akaniambia. "Wewe fundi ni mtu wa macho. Ulikaa naye mwaka mzima mmetazamana. Basi niambie wewe kwa mdomo, nami nitamchora mwenyewe kichwani. Macho yake yalikuwaje? Alipocheka, uso wake ulikuwaje?"

Nilifungua mdomo. Jicho la furukombe wa picha ile ni la hudhurungi, lina duara jembamba la manjano kando yake, na kope ya chini ina mkunjo mmoja. La mdiria ni jeusi tupu. Korongo wa Chumbi, ningeweza kumchorea hata magamba ya mguu. Nikamtafuta Mjomba. Nikalipata pondo, nikaipata sauti yake, ko, ko, ko, nikayapata maneno yake yote, na mahali pa uso wake nikakuta moshi ule ule ulioko magotini kwa binti yake. Naye akaningoja, mpole kama baba yake.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sikumwangalia."

Mwanaidi akairudisha picha kwenye bahasha, taratibu, asiikunje pembe. Kutoka uani Bi. Tatu akaita, "Karibuni!" Wali wa mpunga mpya ulikuwa unanukia nyumba nzima. Hakuna aliyetangulia kuinuka.